Kabla ya kusema chipu imekufa, pima miguu yake



Najua wengine watashangaa: huyu si ule muagronomu wetu? Leo anakuja kutufundisha mambo ya redio? Ni kweli, lisansi yangu ni ya agronomia, na kwa elektroniki sina karatasi hata moja. Lakini kiangazi hiki nilipoteza kitanda kizima cha miche ya shu, tena nikamwaibisha papa mmoja mbele ya wateja wake, yote juu ya kipande cha waya cha sentimita tano ambacho sikukiweka. Nikaona afadhali niandike. Kati yenu kuna wenye kutengeneza vitu kama hivi kwa mayai ya kuku, kwa mabwawa ya samaki, kwa taa za nyumba. Kosa langu mtakutana nalo siku moja, na halioneshi uso wake haraka.

Mama mdogo wangu na wamama wenzake wawili wanalima mboga upande wa Kafubu. Kwetu Lubumbashi mvua inakwisha karibu mwezi wa 4, na kurudi kwake ni mwezi wa 10 au wa 11. Kwa hiyo mboga za kiangazi ni kazi ya arozwari, asubuhi na jioni, kila siku ya Mungu. Shu ikiwa bado kwenye pepinyeri haina mizizi mirefu ya kwenda kutafuta maji chini. Udongo wa juu ukikauka siku mbili na jua kali la mchana, imekwisha. Wamama walikuwa na pompi ndogo ya volti 12, batri, paneli ya jua, na pipa la litri 200. Asubuhi walijaza pipa, kisha waliunganisha pompi kwa mkono na maji yalipita kwenye mipira yenye matundu mpaka kwenye vitanda. Mimi nikawaambia: muniachie, nitafanya pompi iwake peke yake.

Sheria yenyewe ilikuwa fupi. Pompi iwake kama udongo umekauka NA pipa liko na maji. Sharti moja likikosekana, pompi ilale, kwa sababu pompi ndogo ikizunguka bila maji inaungua. Hiyo "na" iliyo katikati ya sentensi njo kazi ya mlango wa mantiki, ule wenye tuliuita "porte logique" shuleni. Mlango uko na viingilio viwili na kitokeo kimoja. Volti 5 tunaiita 1, volti 0 tunaiita 0. Mlango wa NA unatoa 1 pale tu ambapo viingilio vyote viwili viko kwa 1. Ukimpa 0 na 0, anatoa 0. Ukimpa 0 na 1, au 1 na 0, bado 0. Hakuna kingine cha kukariri.

Chipu niliyotumia inaitwa 74HC08. Ndani yake kuna milango minne ya NA, na nje kuna miguu 14. Wafaransa wanaita chipu "puce", maana yake kiroboto, na mimi nadhani jina lilitoka kwa mtu aliyekuwa anaitafuta chini ya meza. Mguu wa 14 unakula umeme wa plus, mguu wa 7 unakwenda kwa minus. Miguu ya 1 na ya 2 ni viingilio vya mlango wa kwanza, wa 3 ni kitokeo chake. Mtu ataniuliza juu ya nini sikutumia kompyuta ndogo kama Arduino. Jibu ni mfuko. Pia sheria ya maneno kumi haihitaji kompyuta.

Yote niliiweka kwenye plake ya majaribio, ule ubao mweupe wa plastiki wenye matundu, ambao unachomeka vipande bila kuvichoma na risasi. Matundu ya katikati yameungana ndani matanomatano. Pembeni kuna mistari mirefu, mwekundu kwa plus na wa bluu kwa minus. Kumbukeni hiyo mistari, tutairudilia.

Kipimo cha udongo kilikuwa misumari miwili. Mmoja unakwenda kwa minus, mwingine kwa mguu wa 1, na rezistansi ya kiloomu 47 inavuta mguu huo kuelekea plus. Udongo ukiwa mkavu, umeme haupiti kati ya misumari, basi mguu wa 1 unabaki karibu na volti 5. Udongo ukilowa, unauvuta chini. Kipimo cha pipa kilikuwa waya mbili zinazoning'inia ndani ya maji. Moja inatoka kwa plus, nyingine inakwenda kwa mguu wa 2, na rezistansi ya kiloomu 470 inavuta mguu huo kuelekea minus. Maji yakiwepo, umeme kidogo unapita ndani yao na mguu wa 2 unakuwa 1. Pipa likikauka, rezistansi inaushusha mpaka 0. Kwenye kitokeo kuna taa ndogo ya ledi, na tranzista yenye kusukuma relei, na relei njo inawasha pompi.

Nyumbani, juu ya meza, sikuwa na udongo wala pipa. Nikaigiza. Mahali pa maji ya pipa niliweka waya mfupi kutoka plus. Mahali pa udongo uliolowa nilikutanisha ile misumari miwili. Nikapitisha hali zote nne, moja moja, na zote zikajibu sawasawa. Hali ya nne, udongo mkavu na pipa limejaa, taa ikawaka na relei ikapiga "tak". Nilipiga video, nikaituma kwa wandugu wengine humu. Mliona.

Siku ya Ijumaa jioni nikaenda kuipanga shambani. Wamama walikuwa wametoka kumwagilia, udongo umelowa, pompi imelala. Nikasema ndiyo, inalala juu udongo uko na maji, inafanya kazi yake. Nikawaambia kesho wapumzike. Jumamosi asubuhi nikapanda gari ya Likasi kwenye msiba wa familia. Wamama waliniamini, na Jumapili walikuwa kanisani mchana kutwa. Jumatatu saa moja asubuhi telefone ikalia.

"Mwana, ile mashini yako inalala tu."

"Mama, pipa liko na mayi?"

"Iko pima! Pipa imejaa. Na miche pia imelala."

Walishika arozwari wakaokoa vitanda viwili. Cha tatu hakikurudi. Mbegu ya kile kitanda walikuwa wameinunua pamoja, kila mama na sehemu yake, na mama mdogo njo aliyewaambia wenzake kwamba mtoto wake amesoma.

Sasa hapa nitasimulia ujinga wangu bila kuuficha. Nilirudi, nikaona taa haiwaki, relei hailii, udongo ni vumbi, pipa limejaa. Nikahukumu palepale: chipu imekufa. Nilikwenda sokoni kwa papa mmoja anayeuza vipande vya redio, nikanunua nyingine. Nikaibadilisha: kimya. Nikarudi kununua ya pili: kimya. Ya tatu: kimya. Mara ya nne sikwenda kununua. Niliweka zile chipu juu ya meza yake, watu wamesimama, nikamwambia kwa sauti: "Papa, unauzisha batu bintu bya bongo."

Papa hakukasirika. Alichukua chipu moja, akaigeuza kwenye mwanga akasoma maandishi, akaniuliza: "Mutoto, ulipima miguu?"

"Nilipima, papa. Iko volti tano."

"Ulipima wapi?"

"Kwenye plake, mustari mwekundu."

"Sikukuuliza plake. Nimekuuliza miguu."

Nilirudi shambani nimekasirika, nia yangu ni kumwonesha kwamba ni kitu kimoja. Niliweka ncha nyeusi ya multimetri juu ya chuma cha mguu wa 7, siyo kwenye tundu la jirani, juu ya mguu wenyewe. Ncha nyekundu juu ya mguu wa 14. Multimetri ikaandika volti 1 na kitu kidogo. Nikahamisha ncha nyekundu mpaka mwanzo wa mstari mwekundu: 5,0. Nikatembeza ncha kwenye ule mstari, tundu kwa tundu, kuelekea chipu. 5,0. 5,0. 5,0. Katikati ya plake ikaanguka.

Plake nyingi ndefu, zile za matundu 830, mistari yake ya pembeni imekatika katikati. Kwa nje unaona ni mstari mmoja, lakini ndani ni vyuma viwili visivyogusana. Nyingine zinaonesha kwa rangi: ule mstari mwekundu uliochorwa unaacha nafasi ndogo katikati. Yangu ilikuwa nayo. Nilikuwa nimeitazama wiki nzima bila kuiona. Umeme uliingilia upande wa kushoto, pamoja na vipimo vyangu vyote na plus ya relei. Chipu na tranzista vilikuwa kulia. Mstari wa bluu nilikuwa nimeurusha kwa waya toka kushoto mpaka kulia, kwa sababu tranzista ilihitaji minus. Mwekundu sikuurusha. Yaani chipu haikuwahi kupata umeme kwenye mguu wake wa chakula, hata siku moja, tangu mwanzo. Zile chipu tatu nazo hazikupata. Nilikuwa nabadilisha wagonjwa kwenye kitanda kile kile.

Hapo nikasimama. Kama chipu haikuwahi kula, kule nyumbani ilijibuje hali nne zote sawasawa? Hilo swali lilinikosesha usingizi kuliko shu yenyewe, na jibu lake ni sababu kubwa ya kuandika hapa.

Ndani ya chipu ya aina ya HC, kila kiingilio kiko na walinzi wawili, diodi ndogo. Moja inaelekea kwenye njia ya plus ya chipu, nyingine inatoka kwenye minus. Kazi yao ni kukinga chipu kama umeme mwingi, hata ule wa kidole chako siku ya baridi kavu, unaingia kwa kiingilio: diodi inaupeleka pembeni. Lakini diodi haijui nia ya mtu. Kama mguu wa 14 uko mtupu na wewe unaweka volti 5 kwenye kiingilio, umeme unapita kwa ule mlinzi, unaingia kwenye njia ya plus kutoka ndani, na chipu nzima inaamka. Inakula kwa dirisha badala ya mlango. Diodi inakata karibu volti 0,6 njiani, kwa hiyo ndani chipu inapata kama 4,4. Na 74HC inafanya kazi toka volti 2 mpaka 6. Ameshiba kabisa.

Sasa angalieni namna mlango wa NA unavyosaidia udanganyifu huo. Viingilio vyote vikiwa 0, chipu haina umeme, kitokeo ni 0: jibu sahihi. Kimoja kikiwa 1, chipu inaamka kwa kupitia hicho kimoja, inahesabu, inatoa 0: sahihi. Vyote viwili vikiwa 1, inaamka, inatoa 1: sahihi tena. Hakuna hata swali moja ambalo chipu isiyolishwa inalikosea. Ingekuwa ni mlango wa kugeuza, ule wenye kutoa 1 ukimpa 0, ningemkamata siku ya kwanza, kwa sababu angetakiwa kutoa umeme wakati hakuna dirisha la kula.

Na kwa nini shambani ikakataa? Kwa sababu mezani dirisha lilikuwa waya wa shaba, shambani dirisha likawa maji ya pipa. Waya inapitisha umeme wote unaotaka. Maji ya kisima kati ya waya mbili nyembamba ni maelfu mengi ya omu. Yanatosha kumwambia mlango "hapa ni 1", kwa sababu kiingilio cha HC hakihitaji karibu kitu. Hayatoshi kulisha chipu, taa, na tranzista pamoja. Chipu ilijaribu kufungua kitokeo, ikavuta kupitia maji, volti ikaanguka mpaka ile 1 na kidogo, ikazimia. Nikikumbuka vizuri, hata mezani ile taa haikuwaka kwa nguvu zote. Niliona, nikajiambia ni taa ya bei rahisi. Kama ningepima mguu wa 14 siku ile ningekuta 4,4 badala ya 5,0, na ile 0,6 iliyokosekana ingenisemea kila kitu.

Niliweka waya mmoja kati ya nusu mbili za mstari mwekundu. Relei ikapiga "tak" kabla sijaondoa mkono. Chipu zote nne, ile ya kwanza na zile tatu za papa, zilikuwa nzima.

Kinachoniuma ni kwamba kwa kazi yangu mwenyewe nisingefanya vile. Mtu akiniletea mahindi ya njano, simwambii palepale amwage urea. Nauliza kwanza: ni majani gani? Yale ya chini, ya zamani, yakianza njano, tunafikiria azoti. Yale mapya ya juu yakiwa njano na mishipa ikabaki kijani, tunafikiria chuma. Halafu nachimba nione mzizi, juu pengine udongo uko na chakula chote na ni maji yamesimama, mzizi hauwezi kukila. Chakula kilichopo kwenye udongo si chakula kilichofika kwenye mmea. Volti 5 kwenye mstari wa plake nayo si volti 5 kwenye mguu wa chipu.

Basi siku hizi nafuata njia moja, na siruki. Naanza na chakula, kwenye chuma cha mguu: wa 14 na wa 7. Nikikosa 5 pale, sipimi kingine. Naangalia pia kama chipu haijageuzwa. Kuna kakipengele kalikochongwa kwenye ncha moja, na mguu wa 1 uko kushoto kwake ukikaweka juu. Ukiichomeka kinyume, plus inaingia kwa minus, na utajua kwa kidole: chipu nzima ya HC ukiigusa iko baridi. Ikichoma, toa umeme haraka. Naangalia kama miguu yote imeingia tunduni, kwa sababu chipu mpya inakuja na miguu iliyopanuka, na mmoja unaweza kujikunja chini ya tumbo huku kwa juu unaona yote iko sawa.

Baada ya chakula, viingilio. Napima mguu wa 1 na wa 2 wakati hali yenyewe ya shamba iko pale, siyo hali ya kuigiza. Kwa chipu ya HC inayokula volti 5, chini ya 1,5 ni 0 ya kweli, juu ya 3,5 ni 1 ya kweli. Katikati ni ugonjwa. Kisha kitokeo, mguu wa 3, nalinganisha na ile sheria ya NA. Kama viingilio viko sawa na kitokeo ni cha uongo, bado silaumu chipu. Natoa waya wote unaotoka kwenye mguu wa 3, napima tena mguu ukiwa peke yake. Ukirudi sawa, chipu ni nzima, mwenye kosa ni yule anayevuta mbele yake. Chipu hizi zinatoa miliampea chache tu, wakati relei ndogo ya volti 5 inaomba kama 70. Ndiyo maana kuna tranzista katikati, na diodi moja juu ya koili ya relei, kwa sababu koili ikizimwa inarudisha teke la umeme. Ni hapa tu, baada ya yote hayo, chipu inaweza kubadilishwa.

Kuna kitu kingine nilikuwa nimekipuuza: milango mitatu ambayo siitumii. Niliacha viingilio vyake vinaning'inia, nikifikiri kwamba kisichounganishwa ni 0. Hapana. Kwenye zile chipu za zamani za 74LS, mguu unaoning'inia unasomeka kama 1. Kwenye HC unasomeka kama chochote: ukipitisha mkono karibu, unabadilika. Tena multimetri haitakusaidia kuukamata, kwa sababu ukiugusa multimetri yenyewe inauvuta chini na utaona 0 nzuri kabisa. Unamkuta mwizi amekaa sebuleni anasoma gazeti. Dawa ni kufunga viingilio vyote visivyotumika kwa minus. Vitokeo visivyotumika, hivyo viacheni wazi.

Na someni maandishi ya juu ya chipu mpaka mwisho. Sokoni ukiomba "chipu ya NA" unaweza kupewa CD4081. Nayo iko na milango minne ya NA, miguu 14, chakula 14 na 7, na mlango wa kwanza uko 1, 2, 3 kama kawaida. Lakini mlango wa pili kitokeo chake ni mguu wa 4, wakati kwenye 74HC08 mguu wa 4 ni kiingilio na kitokeo ni wa 6. Mtu anabadilisha moja kwa nyingine, mlango wa kwanza unafanya kazi, wa pili unakataa, anaanza kutukana soko. Ile 4081 iko na faida yake, inavumilia hadi volti 15, basi inaweza kula karibu na batri ya jua. 74HC ukiipa 12, hutaipima tena.

Nilidhani nimemaliza. Alhamisi alfajiri mama mdogo akanipigia, safari hii bila hasira: "Mwana, mashini inaimba." Nilifika nikasikia relei inapiga tak-tak-tak-tak kama cherehani. Udongo haukauki kwa ghafla. Unakauka polepole, na volti kwenye mguu wa 1 inapanda polepole, inapita kwenye ile nchi ya katikati, kati ya 1,5 na 3,5, ambapo mlango haujui aamue nini. Anawasha, pompi ikiamka inatikisa umeme kidogo, anazima, umeme unatulia, anawasha tena. Sehemu ya tikisa niliipunguza kwa kondansateri ndogo ya nanofaradi 100 kati ya mguu wa 14 na wa 7, karibu kabisa na chipu, kitu ambacho kilitakiwa kuwepo tangu siku ya kwanza. Lakini kuamua polepole si kazi ya 74HC08. Iko 74HC132, ambayo viingilio vyake vina mipaka miwili: volti ikipanda anangoja ifike juu kabisa ndipo aseme 1, ikishuka anangoja ifike chini zaidi ndipo arudi 0. Katikati hageuzi neno. Yake ni NA iliyogeuzwa, kwa hiyo unatumia milango miwili: wa kwanza unahesabu, wa pili unageuza jibu, viingilio vyake viwili vimefungwa pamoja.

Ijumaa nilirudi sokoni. Kulikuwa na wateja watatu, si wale wa mara ya kwanza, lakini nilitaka kusema mbele yao hata hivyo. "Papa, unisamehe. Chipu zako zote zilikuwa nzima. Ni mimi sikuzilisha."

Akacheka. "Mustari ulikatika katikati?"

"Ulijuaje, papa?"

"Banarudishaka chipu kwangu kila mwezi juu ya ule mustari." Halafu akaniuliza kama nataka kumrudishia zile tatu. Nikakataa, nikanunua 74HC132 mbili na mfuko mdogo wa kondansateri. Hakunipunguzia bei.

Sasa inalala usiku, inaamka saa inapotakiwa, na mama mdogo anajua kusoma mguu wa 14 kwa multimetri. Nilimwekea alama ya rangi ya kucha pembeni yake. Shida iliyobaki ni misumari. Umeme unaokwenda upande mmoja tu ndani ya udongo uliolowa unaula msumari wa upande wa plus, na baada ya wiki chache umebaki mwembamba na kipimo kinaanza kusema udongo ni mkavu hata baada ya maji. Kwa sasa tunaubadilisha. Ninafikiria kuulisha kwa dakika moja tu kila nusu saa, ila hiyo inadai chipu ya saa, na nitaandika ikishafanya kazi shambani, siyo mezani.

Vitanda viwili vya shu vimehamishwa. Kile cha tatu wamama wamepanda lengalenga.